Kelele za Magari Kisumu na Sheria Ndogo ya Kaunti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikiwa wakazi wa Kisumu, hasa wa Kondele, Manyatta, Nyalenda, Obunga na Mamboleo, ambao vyumba vyao vya kulala vinatazamana na barabara. Maswali yametoka kwenye mikutano ya mtaa, makundi ya WhatsApp na mazungumzo ya steji. Majibu yana msimamo wake. Tunataka kaunti iwe na sheria ndogo mahususi ya kelele za magari, iwe mpya au marekebisho ya zilizopo, na tunataka iwe sheria ambayo askari wa kawaida anaweza kuitekeleza saa nne usiku bila mtambo wowote mkononi.

Kelele zipi hasa mnazozungumzia?

Si kila mlio. Anayeishi kando ya barabara ya Kakamega hawezi kudai asisikie injini. Tunazungumzia pikipiki ambayo sailensa yake imetobolewa makusudi. Tunazungumzia gari dogo lililobadilishwa ekzosi ili lilipuke kama bunduki dereva akiachia mafuta. Basi la usiku linalopiga honi ya upepo kuita abiria ambao bado wamelala. Matatu yenye spika zilizoelekezwa nje, mdundo wake ukitikisa madirisha ya ghorofa ya tatu. Dereva anayekanyaga mafuta gari likiwa limesimama, kwa sababu tu steji imejaa watu wa kumtazama.

Kitu kimoja kinaunganisha haya yote: ni kelele za kuchagua. Hakuna hata moja ambayo safari inaihitaji ili ifike.

Si mji ni mji? Kelele zinamdhuru nani?

Zinamdhuru aliyelala, hata asipoamka. Sikio halina kifuniko. Pikipiki yenye ekzosi wazi ikipita saa nane usiku, mapigo ya moyo hupanda na mwili hutoa homoni za msongo, kisha mtu huendelea kulala na asubuhi hakumbuki chochote. Anajua tu kwamba amechoka. Hali hiyo ikirudiwa kila usiku kwa miaka, shinikizo la damu na maradhi ya moyo huongezeka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 ulioandikwa kwa ajili ya Ulaya, lilipendekeza kelele za barabarani zisizidi wastani wa desibeli 53 kwa siku nzima na desibeli 45 usiku. Moyo wa mkazi wa Manyatta haujaumbwa tofauti na wa mkazi wa Ulaya.

Kisha kuna watoto. Darasa lililo kando ya barabara hupoteza maneno ya mwalimu kila chombo chenye kelele kinapopita, na anayeumia zaidi ni mtoto ambaye bado anajifunza kusoma, kwa kuwa hawezi kukisia neno asilolisikia. Kuna pia wagonjwa. Hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wengi wetu tunaiita Russia, iko kwenye barabara hiyohiyo ya kuelekea Kakamega, karibu na Kondele, mahali ambapo matatu, tuktuk na bodaboda hugombania kila abiria anayeshuka.

Wanaoumia mapema kuliko wote, na hawa hutajwa mara chache, ni wafanyakazi wa barabara wenyewe. Kwa kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi wa afya ya kazini, sikio linaweza kuvumilia desibeli 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda huo hukatwa nusu: desibeli 88 ni saa 4, desibeli 91 ni saa 2, na zikifika 100 zimebaki dakika 15 tu. Makanga anayesimama kando ya spika kutwa nzima, au kijana anayeendesha pikipiki iliyotobolewa kutoka asubuhi hadi usiku, anapoteza usikivu ambao hospitali yoyote haitamrudishia.

Desibeli ni kitu gani?

Ni kipimo cha ukali wa sauti, lakini hakihesabiwi kama kilo au mita. Zikiongezeka desibeli 10, nguvu ya sauti huwa imezidishwa mara 10, na sikio la kawaida huisikia kama imeongezeka maradufu. Kwa hiyo tofauti ya 75 na 95, ambayo kwenye karatasi inaonekana ndogo, ni tofauti kati ya pikipiki nzima na ile inayomfanya mtoto mchanga aruke kitandani.

Si tayari kuna sheria za kitaifa?

Zipo, na ni vizuri kuzijua, maana mara nyingi mtu huambiwa na afisa kwamba hakuna sheria.

Ibara ya 42 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999, inayofahamika kwa kifupi chake EMCA, ina vifungu vinavyokataza kelele zinazopita viwango. Chini yake zilitungwa kanuni za mwaka 2009 za kelele na mitetemo. Kanuni hizo ziliweka viwango vya kila eneo: mtaa wa makazi, nje ya nyumba, desibeli 50 mchana na 35 usiku, maeneo ya utulivu 40 mchana na 35 usiku, maeneo ya biashara 60 mchana na 35 usiku. Usiku ulihesabiwa kuanzia saa mbili hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kuhusu magari, zilitaja desibeli 84 kuwa kikomo gari linapoongeza mwendo, na zikakataza kupiga honi isipokuwa kuzuia ajali. Kuna pia Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, na kanuni zake zinazotaka chombo cha injini kiwe na sailensa.

Sasa tuseme ukweli kuhusu sababu ya sheria hizi kukosa meno mtaani. Ya kwanza ni kipimo. Kuthibitisha kwamba eneo limepita desibeli 50 kunahitaji mita iliyokaguliwa, mtu aliyefunzwa na muda wa kupima. Pikipiki haisubiri. Wakati afisa anatoa mita mkobani, mhusika yuko Mamboleo.

Ya pili ni kwamba viwango vyenyewe vilikuwa vikali kupita kiasi. Desibeli 35 usiku katika eneo la biashara ni utulivu wa chumba kilichofungwa madirisha. Hakuna barabara ya katikati ya Kisumu inayoweza kuufikia, hata magari yote yakiwa mapya. Sheria inayovunjwa na kila mtu humwachia askari achague wa kumkamata, na uchaguzi huo ndio mlango wa hongo.

Ya tatu ni umri. Chini ya Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013, kanuni huishi miaka 10 isipoongezewa muda au kuandikwa upya. Kwa hiyo kaunti isijenge nyumba yake juu ya kanuni za mtu mwingine. Iandike viwango vyake ndani ya sheria yake.

Kaunti ina mamlaka juu ya jambo hili?

Ndiyo, bila shaka yoyote. Sehemu ya pili ya Jedwali la Nne la Katiba inataja udhibiti wa uchafuzi wa hewa, kelele na kero nyingine za umma kuwa kazi ya kaunti. Jedwali hilohilo linaipa kaunti barabara zake, maegesho na usafiri wa umma. Ibara ya 185 inalipa bunge la kaunti uwezo wa kutunga sheria zinazohitajika kwa kazi hizo. Mwakilishi wadi akikwambia kwamba mambo ya kelele ni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, peke yake, muonyeshe Jedwali hilo.

Sheria ndogo hiyo iandike nini?

Hapa ndipo tunaomba usome polepole, kwa sababu hapa ndipo sheria nyingi za kelele hufia. Rasimu zinazosema "ni marufuku kufanya kelele nyingi" hazifai kitu. Nyingi ni ngapi? Kila dereva atasema yake ni kidogo, na kila hakimu atamwamini kwa kukosa ushahidi.

Sheria ianze na vitu vinavyoonekana kwa macho. Chombo kisicho na sailensa, au chenye sailensa iliyotobolewa, iliyokatwa au iliyotolewa vizuizi vya ndani, kiwe kosa chenyewe, bila kuuliza kilitoa desibeli ngapi. Ndani ya sailensa ya kiwandani ya bodaboda kuna vyumba na bomba dogo lenye matundu. Mawimbi ya sauti hugonga kuta hizo na kupunguzana nguvu kabla ya kutoka. Kijana akimlipa fundi azitoe, kazi hiyo huacha alama: weldi mpya, tundu kubwa mdomoni, ndani kweupe. Fundi mwingine yeyote ataitambua kwa tochi. Vivyo hivyo honi ya upepo: ama imefungwa ama haijafungwa. Spika iliyowekwa nje ya bodi ya gari inaonekana ukiwa ng'ambo ya barabara.

Pili, sheria imfikie fundi na muuzaji. Anayetoboa sailensa kwa malipo, anayeuza ekzosi ya kelele kwa matumizi ya barabarani, anayefunga honi ya upepo kwenye matatu, hawa wana kibanda, wana kibali cha biashara kutoka kaunti, na wanapatikana kila siku mahali pamoja. Ni rahisi kuzungumza na mafundi wachache kuliko kufukuza maelfu ya pikipiki. Kifungu hiki kikikosekana, kazi nyingine yote itakuwa kuteka maji kwa pakacha.

Tatu, mahali na saa. Mbele ya hospitali, shule na mahakama, honi isipigwe ila kuzuia ajali, na kuwe na alama kubwa barabarani, kwa Kiswahili na Kiluo, ili asije mtu akasema hakujua. Usiku, tuseme kuanzia saa nne hadi saa kumi na moja alfajiri, kuita abiria kwa honi au muziki kukatazwe mji mzima, stendi ya mabasi ikiwemo.

Mita ya sauti iwe na nafasi yake, lakini iwe ya kutatua ubishi. Mwenye chombo akidai kwamba ekzosi yake ni halali, apelekwe kupimwa kikiwa kimesimama. Utaratibu unaojulikana kimataifa ni kuweka kipaza sauti nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi, pembeni kwa pembe ya digrii 45, injini ikizungushwa kwa kasi iliyoelekezwa. Unafanyika kwenye uwanja wowote wa wazi, matokeo yanaandikwa, na pande zote mbili zinayaona.

Kuhusu adhabu, wenzetu wengi wanataka faini kubwa. Hatukubaliani nao. Lengo ni sailensa irudi kwenye pikipiki, na mwanabodaboda aliyetozwa pesa zote za wiki hana pesa ya sailensa. Mara ya kwanza apewe amri ya maandishi: siku saba, tengeneza, rudi uonyeshe. Akirudi na chombo kizima, faini ifutwe. Asiporudi, au akikamatwa tena, hapo faini ilipwe yote, na mara ya tatu chombo kizuiliwe hadi kitengenezwe. Kwa matatu, mzigo ubebwe na sacco pamoja na mwenye gari, maana dereva na makanga hawakununua spika zile.

Kanjo, yaani askari wa kaunti, anaweza kusimamisha gari linalotembea?

Hili lisifichwe. Kusimamisha magari barabarani ni kazi ya polisi wa trafiki, na polisi ni huduma ya kitaifa, si ya gavana. Sheria ndogo isiandikwe kana kwamba askari wa kaunti ataruka mbele ya basi linaloenda kasi. Kanjo afanye kazi pale ambapo magari husimama yenyewe: stendi, steji za bodaboda, maegesho, vituo vya mafuta, karakana. Kwa yanayotembea, kuwe na operesheni za pamoja na trafiki, zilizopangwa kwa maandishi kati ya kaunti na kamanda wa polisi. Isitoshe, magari ya abiria hukaguliwa kila mwaka chini ya NTSA, mamlaka ya kitaifa ya usafiri na usalama barabarani, na kaunti inaweza kukataa kutoa au kuhuisha kibali cha steji kwa gari lenye honi ya upepo.

Hii si itakuwa njia nyingine ya kula chai?

Swali hili liliulizwa katika kila mkutano, na kila mara waliouliza walikuwa watu wa bodaboda. Wana haki ya kuliuliza. Wanajua jinsi sheria nzuri inavyogeuka kuwa noti inayopita mkononi kupitia dirishani.

Hatuna dawa ya kumaliza hongo, lakini sheria yenyewe inaweza kuipunguzia nafasi. Kosa likiwa la kuonekana, ubishi hupungua. Adhabu ya kwanza ikiwa amri ya kutengeneza, hakuna pesa ya kujadiliwa papo hapo. Faini zote zilipwe kwa simu, kwenye akaunti ya kaunti, risiti ije kwa ujumbe, na askari asiruhusiwe kabisa kupokea fedha taslimu. Kila amri iwe na nambari, jina la afisa, mahali na saa. Kila miezi mitatu kaunti ichapishe hesabu: amri ngapi zilitolewa, wapi, vyombo vingapi vilitengenezwa, kiasi gani kilikusanywa. Ikionekana kwamba operesheni hufanyika Kondele kila Ijumaa jioni na Milimani, mtaa wa wenye nacho, haifanyiki kamwe, wakazi wawe na takwimu za kuulizia.

Pia viongozi wa steji wahusishwe. Steji nyingi za bodaboda zina mwenyekiti, katiba yake na faini zake za ndani, na nidhamu ya humo huwa kali kuliko ya serikali. Steji ikiamua kwamba hakuna pikipiki iliyotobolewa itakayopanga foleni, jambo hilo limekwisha kabla askari hajafika.

Mimi ni mwanabodaboda. Kelele ndiyo inayonilinda, madereva wakubwa hawatuoni.

Ndugu, hofu yako ni ya kweli, na ajali za pikipiki tunaziona. Lakini fikiria mdomo wa ekzosi umeelekea wapi. Umeelekea nyuma. Sauti kali zaidi inaachwa kwa watu uliokwisha kuwapita, ilhali hatari nyingi ziko mbele yako: gari linalokata kona, mtu anayevuka, mlango unaofunguliwa. Dereva wa lori aliyefunga vioo na kuwasha redio hatakusikia hadi umemfikia. Taa ya mbele ikiwaka mchana, koti la kung'aa, vioo vya pembeni na honi ya kawaida vinakulinda zaidi.

Kuhusu nguvu, injini ya bodaboda ya cc 100 hadi 150 imeundwa pamoja na sailensa yake. Ukiitoboa unapata mlio, na unahisi kasi kwa sababu ya mlio. Mteja aliyebeba mtoto mgongoni, au mama anayetoka Russia na mgonjwa, atachagua pikipiki iliyotulia.

Na matatu? Vijana hupanda kwa sababu ya muziki.

Muziki ndani ya gari hatuna ugomvi nao, mradi abiria akiomba upunguzwe upunguzwe. Ubunifu wa matatu ni kazi na ni sanaa, na una vijana wengi wanaoishi kwa huo: wachoraji, mafundi wa umeme, madj. Sheria iguse sauti inayotoka nje. Spika zielekee ndani, milango ifungwe gari likitembea kama usalama unavyotaka, na gari likisimama steji muziki ushuke.

Misafara ya mazishi je? Hii ni mila yetu.

Tunakubali kwamba ni mila, na tunaandika kwa heshima. Magharibi mwa Kenya mtu haondolewi mochari kimyakimya kama mzigo. Kwa Waluo, tero buru, kumfukuza mauti kwa vishindo, ilikuwapo kabla ya pikipiki ya kwanza kufika hapa. Hakuna anayependekeza kanjo asimamishe jeneza.

Tunachopendekeza ni kwamba msafara uruhusiwe kwa taarifa, bila malipo, na kwamba ukipita mbele ya hospitali na shule honi zinyamaze hadi upite. Ndani ya hospitali ile kuna mtu wa boma jingine anayepigania uhai. Wazee tuliowauliza hawakuona shida kwa hilo. Wanachokisikitikia wao ni vijana wasiomjua marehemu wanaojiunga na msafara ili wapige ekzosi na kuomba mafuta kwa wafiwa.

Kampeni za siasa na mashabiki wa mpira?

Sharti ni lilelile: taarifa mapema, saa zilizowekwa, hospitali na shule zipitwe kimya. Mwanasiasa asipewe msamaha ambao mfiwa hapewi.

Malori yanayoshuka kilima cha Riat hunguruma vibaya sana usiku. Yatakatazwa?

Sehemu ya mlio huo ni breki ya injini, ambayo humsaidia dereva kuzuia mzigo mteremkoni bila kuchoma breki za magurudumu. Kuikataza pale kungeleta maafa Mamboleo, chini ya mteremko. Lori lenye sailensa nzima likitumia breki hiyo husikika, lakini halibweki. Kwa hiyo kosa libaki kwenye sailensa, si kwenye breki.

Jambo jingine ambalo wenye nyumba hawaliwazi: gari dogo likipita takriban kilomita 50 kwa saa, kelele kubwa hutoka kwenye matairi, si injini. Chini ya hapo injini na honi ndizo zinazotawala. Matuta yakiwekwa ovyo huongeza kelele, kwa sababu kila gari hupunguza na kukanyaga mafuta upya dirishani pako. Kabla ya kuomba tuta, uliza litawekwa wapi.

Miji mingine imefanya nini?

Mfano tunaoupenda ni Kathmandu, Nepal. Kuanzia tarehe 14 Aprili 2017, siku ya mwaka wao mpya, honi zisizo za lazima zilipigwa marufuku. Ni mji uliojaa pikipiki, wenye barabara finyu na bajeti ndogo, na kosa lililochaguliwa halikuhitaji mtambo: honi imepigwa au haikupigwa.

Mumbai, India, polisi walifanya jaribio lililojulikana sana mapema mwaka 2020. Waliunganisha mita za sauti na taa za barabarani; honi zikipita desibeli 85, taa nyekundu ilianza kuhesabu upya. Ni fundisho zuri kwa umma, ingawa halimgusi mwenye ekzosi mbovu.

New York, Marekani, wana kamera zenye vipaza sauti zinazorekodi gari likipita desibeli 85, na faini huanzia dola 800. Ufaransa wamejaribu mitambo ya namna hiyo jijini Paris na kwingineko, kwa faini ya yuro 135. London, mtaa wa Kensington na Chelsea ulitumia amri ya halmashauri pamoja na kamera za sauti dhidi ya magari ya kifahari yaliyokuwa yakinguruma usiku wa kiangazi. Mitambo hiyo ni ghali, na inategemea nambari za magari zinazosomeka na anwani za wenye magari zilizo sahihi. Sisi tuanze na tochi na kitabu cha amri.

Ninaishi Nakuru. Haya yananihusu?

Yanakuhusu, kwa sababu Katiba ni moja na Jedwali la Nne ni lilelile. Nakuru ilipata hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na Eldoret tarehe 15 Agosti 2024. Tofauti ni kwamba barabara kuu ya kwenda Malaba na Busia inapita Nakuru na malori yake mazito, na hiyo ni barabara ya kitaifa. Huko makubaliano na polisi yana uzito zaidi kuliko kwetu.

Tunaanzaje?

Kwa ombi la maandishi kwa bunge la kaunti. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa mtu yeyote haki ya kuliomba bunge litunge, lirekebishe au lifute sheria. Huhitaji wakili. Andika wazi tatizo ni nini, liko wapi, mmekwisha kumwona nani, na mnaomba nini hasa. Kusanya sahihi zenye majina na nambari za vitambulisho, kisha peleka kwa karani wa bunge na uondoke na nakala iliyopigwa muhuri. Mwakilishi wadi anaweza kuliwasilisha kwa niaba yenu, lakini nakala yenye muhuri ndiyo kinga yenu likipotea mezani.

Ombi likizaa mswada, lazima umma ushirikishwe chini ya Ibara ya 196. Hili si jambo la kupitia haraka: mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kwa hiyo waleteni watu wa bodaboda, tuktuk na matatu ukumbini tangu siku ya kwanza, waseme yao na yaandikwe. Mswada ukipitishwa, gavana ana siku 14 za kuutia sahihi au kuurudisha, na hauwi sheria inayotumika hadi uchapishwe katika gazeti rasmi la serikali.

Usiku wa leo siwezi kulala. Nifanye nini kabla ya hiyo sheria?

Usishuke kugombana na mtu barabarani. Andika kwenye daftari tarehe, saa, mahali na aina ya kelele. Rekodi ukiweza kutoka dirishani kwako. Programu za kupima sauti kwenye simu hukadiria tu, hivyo zitumie kuonyesha mwelekeo, usizitaje kama ushahidi wa desibeli kamili. Peleka malalamiko kwa maandishi ofisi ya mazingira ya kaunti, ofisi ya NEMA na kituo cha polisi, ukiomba nambari ya kumbukumbu kila mahali. Usiweke nambari za magari wala nyuso za watu mitandaoni. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kuna jirani ambaye huenda umemtambua vibaya.

Daftari la wiki chache kutoka nyumba kumi za barabara moja lina nguvu kuliko barua ndefu ya mtu mmoja.

Ving'ora vya ambulansi, zimamoto na polisi?

Havihusiki. Mpishe.

Bunge la kaunti likikaa kimya?

Ibara ya 70 ya Katiba inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani akiona haki ya mazingira safi imevunjwa au inatishiwa, na Mahakama ya Mazingira na Ardhi inakaa hapa Kisumu. Mahakama inaweza kumwamuru afisa wa umma achukue hatua. Anayeshtaki hahitaji kuthibitisha kwamba yeye au mtu mwingine ameumia.